Nakala mpya ya Weird Tales ya Oktoba 1933: jalada tamu, uchapaji wa kulipua

Hadithi za Weird Tales, gazeti la zamani la Marekani la hadithi za kutisha na za ajabu, sikuzifuata. Nilichofuata ni jalada, lile la mwanamke mwenye kinyago cha popo, kazi ya Margaret Brundage. Kwa sisi wapenzi wa michoro ya magazeti ya hadithi ya bei chee ya Marekani, yale ya karatasi duni zinazogeuka njano na kukatika, jalada hili linajulikana kuliko chochote kilichomo ndani. Gazeti lenyewe la mwaka ule ni la wenye pesa zao, hivyo nikaagiza nakala iliyochapwa upya. Gharama ya kuifikisha Dar ilikaribia bei ya gazeti, lakini mzigo ulifika umefungwa vizuri, haujapinda hata kona.

Shida ni jalada. Brundage alichora kwa pasteli, yaani chaki laini za rangi, ndiyo maana warembo wake wana ngozi kama iliyopakwa poda: rangi moja inaingia kwenye nyingine bila mstari. Mchapaji huyu kakoleza rangi mpaka ulaini wote umekwisha. Shavuni, pale kivuli kinapotakiwa kuingia taratibu, kuna doa lenye ukingo. Juu yake kabandika plastiki ya kung'aa. Skani ya bure iliyoko Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, hata kwenye simu yangu, inaonyesha mchoro vizuri zaidi.

Inaniuma kwa sababu maisha ya mama huyu yalifungamana na hizo chaki. Aliishi Chicago, gazeti lilipokuwa na ofisi, na wakati uchumi wa Marekani umeanguka alilipwa dola 90 kwa jalada huku ana mtoto na mama yake wa kutunza. Kuanzia Juni 1933 hadi 1936 majalada yalikuwa yake mfululizo. Alitia saini M. Brundage tu, na wasomaji wengi walidhani ni mwanamume hadi mhariri, Farnsworth Wright, alipoweka wazi mwaka 1934. Kwenye ukurasa wa barua watu walivutana: hawa wanataka wanawake wa uchi waondolewe, wale wanataka waendelee. Waandishi nao wajanja! Seabury Quinn alijulikana kwa kuchomeka mahali mrembo aliyevuliwa nguo ili hadithi yake ipewe jalada. Mwaka 1938 gazeti liliuzwa, likahamia New York, na mchoro wa chaki hauvumilii safari, unafutika. Kazi za Brundage zikapungua.

Ndani hakuna shida. Herufi zinasomeka, matangazo ya zamani yameachwa yote. Ila ujue hadithi za enzi zile zina dharau nyingi kwa watu wasio Wazungu, na warembo wengi wa majalada haya wako kwenye minyororo au mbele ya kisu. Huyu wa popo ndiye ninayempenda kwa sababu yuko peke yake. Hajafungwa, wala hasubiri mwanamume wa kumwokoa.

Nampa muuzaji nyota 3 kati ya 5. Kama shida yako ni kusoma, skani inatosha. Kama unataka jalada la kuweka kwenye fremu, omba kwanza picha ya karibu, hasa pale shavuni, na uulize toleo lisilo na plastiki. Nilipomwandikia alisema lipo, ila hajaliweka kwenye tangazo.