Fonti zinazokuja na Kindle, Play Books na Apple Books: ipi inakisomesha Kiswahili vizuri?

Karibuni watazamaji. Leo hapa mezani nina visomeo viwili vya vitabu vya kielektroniki, Kindle Paperwhite na Kobo, pamoja na simu ya kawaida ya Android, na vyote vitatu nimevifungulia ukurasa uleule wa riwaya ya Kiswahili. Sipimi betri wala mwanga. Napima fonti, yaani mitindo ya herufi, zile unazozikuta ukiwasha kifaa kwa mara ya kwanza kabla hujagusa mpangilio wowote. Wasomaji wengi hawazibadilishi kabisa, na macho yakichoka wanakilaumu kitabu.

Tuanze na Kindle. Ile ya kwanza kabisa, ya mwaka 2007, ilikuja na fonti iitwayo PMN Caecilia, kazi ya Mholanzi Peter Matthias Noordzij. Tazameni: mistari ya herufi ina unene unaokaribiana kila mahali, na vile vimiguu vya kwenye ncha ni vya mraba, vimesimama imara. Skrini ya wakati ule ilikuwa na nukta 167 kwa inchi na ngazi nne tu za kijivu, kwa hiyo mstari mwembamba ungepotea. Caecilia haikupotea. Bado imo kwenye orodha ya Kindle, na kama unamnunulia mzazi mwenye macho dhaifu, mwekee hiyo.

Mwaka 2015 Amazon, wenye Kindle, wakaleta Bookerly, iliyochorwa na kampuni ya Dalton Maag ya London. Skrini nazo zilishafika nukta 300 kwa inchi, hivyo wachoraji waliweza kurudisha wembamba na mapindo ya kalamu. Ni fonti nzuri, naiheshimu sana. Ila ngoja nisogeze kamera. Mnaona ilivyo kama imepauka? Kwenye karatasi, wino hutanuka kidogo unapogusana nayo, na wachonga herufi wa zamani walilijua hilo. Skrini ya wino wa kielektroniki, kama hii ya Kindle, ina chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa kwa chaji ya umeme. Hakuna kutanuka, halafu ile nyeupe yake yenyewe ina ukijivu. Ndiyo maana Baskerville, fonti ya Birmingham ya miaka ya 1750 inayopendeza mno kitabuni, hapa inaonekana kama imeandikwa kwa sindano. Kwa Bookerly dawa ni rahisi: gusa juu ya ukurasa, fungua mipangilio ya maandishi, ongeza unene ngazi moja au mbili. Linganisheni sasa na mwanzo.

Kwenye simu, programu ya vitabu ya Google Play Books inatumia Literata, nayo ya 2015, kutoka TypeTogether, studio ya Veronika Burian na José Scaglione. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote za leo. Herufi ndogo zina kimo kikubwa, matumbo ya a na e yako wazi, na kila herufi ina sura yake. Chukueni neno Ilala. Ukiliandika kwa Helvetica, fonti isiyo na vimiguu, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana, jicho linasita. Kwenye Literata hakuna kusita. Na Kiswahili kinazirudia herufi hizo mno: ili, ilikuwa, iliyolala, walilolilia. Kama programu yako imekuwekea fonti isiyo na vimiguu kwa sababu inaonekana ya kisasa, jaribu sura moja tu kwa Literata uone.

Wenye iPhone sitawaweka sana. Apple Books mara nyingi huanza na fonti aliyoiweka mchapishaji, kwa hiyo ni bahati yako. Ikikuchosha, chagua Charter, ya Matthew Carter, 1987. Ilibuniwa ikiwafikiria watumiaji wa printa duni za wakati huo, na uimara huohuo unaisaidia kwenye skrini ndogo.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Kindle hunyoosha maandishi pande zote mbili, kushoto na kulia. Kwa Kiingereza chenye maneno mafupi, sawa. Sisi tuna watakaotutembelea, tuna walivyokubaliana. Neno kama hilo lisipoenea mwisho wa mstari linashushwa chini, na mstari uliobaki unavutwa mpaka maneno manne yanatawanyika kama mbegu. Angalieni hapa, na hapa tena. Hakuna fonti itakayoponya hilo. Nenda kwenye mpangilio, chagua maandishi yashikane upande wa kushoto tu. Ukingo wa kulia utakuwa na meno, lakini nafasi kati ya maneno zitalingana, na ndizo jicho linazozifuata.

Na wachapishaji wetu, nawaomba kwa dhati: ndani ya faili la EPUB, aina ya faili la kitabu cha kielektroniki, kuna sehemu ya lugha. Andikeni sw. Faili likibaki na alama ya Kiingereza, programu inayokata maneno mwishoni mwa mstari itafuata kanuni za Kiingereza, na silabi zetu zitakatwa pasipostahili. Silabi zetu karibu zote huishia na vokali. Hakuna lugha rahisi kuikata kama hii, mradi programu iambiwe ni lugha gani.

Hukumu yangu: kwenye simu, Literata, kushoto tu. Kwenye Kindle, Bookerly iliyonenepeshwa. Na ukitaka Literata huko pia, inawezekana, kwa sababu fonti hiyo inatolewa bure kwa leseni huria. Ipakue, unganisha Kindle au Kobo na kompyuta kwa waya, itie kwenye folda ya fonts, chomoa, kisha itafute kwenye orodha. Faili za PDF ndizo zisizokubali: herufi zake zimeshapangwa ukurasani, utakuza ukurasa mzima tu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya PDF na EPUB ya kitabu kilekile, chukua EPUB.