Uzoefu wangu na DKMS: kioo cheusi baada ya kerneli mpya

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuchora nyumba kabla hazijajengwa. Mtu ana kiwanja Kampemba au upande wa Ruashi, anataka kuona sebule na baraza yake kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simenti, nami ninamtolea picha kwa Blender, programu ya kuchora vitu vya pande tatu. Kompyuta yangu niliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya mtumba. Chenye thamani ndani yake ni kadi ya grafiki, NVIDIA GTX 1060 ya mwaka 2016, na juu yake ninaendesha Debian 12, mfumo wa Linux. Picha moja ya sebule, pamoja na mwanga wa dirishani na vivuli vyake, kadi hunitolea kwa dakika 10 hivi. Prosesa peke yake huchukua zaidi ya saa nzima. Draiva ya kadi, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia, ikilala, nami nimelala njaa.

Ninachotaka kueleza ni DKMS, programu ambayo wengi wetu tunayo kwenye mashini bila kujua. Kerneli ni kiini cha mfumo wa Linux, na moduli ya draiva, kipande kinachoingia ndani yake, hujengwa kwa ajili ya kerneli moja maalumu. Watengenezaji wa Linux hawaahidi kwamba sehemu za ndani ya kerneli zitabaki vilevile kutoka toleo hadi toleo, na hawajawahi kulificha hilo. Kwa hiyo draiva inayokaa nje ya kerneli lazima ijengwe upya kila kerneli inapobadilika. Wahandisi wa Dell walitengeneza DKMS mwaka 2003 ili kazi hiyo ifanyike yenyewe: kerneli mpya inaingia, DKMS inachukua msimbo wa draiva, inaujenga, inaiweka moduli mahali pake.

Yangu haikujenga kitu.

Ilikuwa Oktoba, jakaranda zimeshamwaga maua barabarani na joto limekaa. Tangu nilipoweka Debian nilikuwa sijasasisha kerneli hata mara moja, kwa sababu mega za intaneti ni pesa. Jioni ile nilikuwa nimenunua mega za usiku, nikasema acha nimalize yote kwa mkupuo. Nikaandika sudo apt upgrade, kerneli mpya ikaingia, karibu mega 70 kwa yenyewe. Sikuwa na nia ya kuzima mashini. Nilikuwa na picha ya jiko ya kumalizia, ya mteja wangu, papa (mzee) mmoja wa Katuba, na nilijua kerneli ya zamani ingeendelea kufanya kazi mpaka nitakapowasha upya. Saa nne usiku umeme ukakatika. Uliporudi, mashini iliwaka na kerneli mpya, na kwenye kioo kukabaki weusi mtupu na kistari kimoja juu kushoto kinachowaka na kuzimika.

Nikampigia papa simu.

"Papa, munisamehe, munipatie mpaka asubui."

"Hakuna mambo, mwana. Lakini mafundi wanaanza kuchimba saa moja, na bibi yangu njo anataka kuona jiko mbele."

Hapo nilipoteza saa nzima kwa ushauri ambao kila mtu huutoa: ongeza nomodeset kwenye GRUB, ile menyu ya kuchagua kerneli mashini inapowaka. Unabonyeza herufi e, unashuka mpaka mstari unaoanza na linux, unaandika mwishoni. Kibodi yangu ni ya AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kama za wengi hapa kwetu, lakini GRUB kwa kawaida inasoma QWERTY, ule wa Kiingereza. Niliandika nomodeset, kikatokea no;odeset. Herufi m utaipata kwenye kitufe cha mkato. Andikeni hilo mahali, maana usiku wa manane hakuna anayelikumbuka. Na hata nilipoiandika vizuri haikunisaidia, kwa sababu ugonjwa wangu haukuwa huo. Nomodeset inaizuia draiva ya kerneli isipange kioo. Mimi sikuwa na draiva yoyote ya kuzuia: yule nouveau, draiva huru, alikuwa amefungiwa tangu siku nilipoweka ya NVIDIA, na ya NVIDIA yenyewe haikuwapo kwa kerneli mpya.

Kilichoniokoa ni mstari wa pili wa menyu ya GRUB, ule ambao macho huuruka kila siku: Options avancées pour Debian GNU/Linux. Ndani yake kerneli ya zamani ilikuwa bado inakaa, mzima kabisa, na draiva yake. Nikaichagua, eneo-kazi likafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamaliza jiko, nikamtumia papa picha kabla ya alfajiri. Ndiyo maana nasema, mtu asikimbilie kufuta kerneli ya zamani eti apate nafasi kwenye diski. Mimi sasa naiacha mpaka ile mpya imekaa wiki moja bila kunisumbua.

Kesho yake nikaanza kutafuta chanzo. Amri ya kwanza ilikuwa dkms status. Ilinipa mstari mmoja tu: moduli ya nvidia-current, kerneli ya zamani, installed. Kuhusu kerneli mpya, kimya. Nikafungua /var/log/apt/term.log, ambamo apt huandika kila kilichopita kwenye terminali, na katikati ya mamia ya mistari nikaona malalamiko ya DKMS: heda za kerneli hii hazipatikani.

Heda ni faili zinazoielezea kerneli kwa yeyote anayetaka kujenga moduli yake. Bila hizo DKMS ni kama fundi uliyempa matofali ukamnyima ramani. Nilipoweka draiva mara ya kwanza, nilifuata maelekezo yaliyosema nisakinishe linux-headers-$(uname -r). Amri hiyo huleta heda za kerneli inayowaka wakati ule, hizo tu, na haifuati kerneli inayokuja. Kifurushi nilichohitaji ni linux-headers-amd64, ambacho hakina faili zake mwenyewe za maana: kazi yake ni kuvuta heda za kila kerneli mpya ya Debian inapotoka.

Niliandika sudo apt install linux-headers-amd64. Zilishuka chini ya mega 20. Kwa kukosa mega 20 nilikuwa nimekesha. Heda zilipomaliza kuingia, DKMS ilianza kujenga yenyewe bila kuamriwa, prosesa ikapiga kelele dakika chache, kisha dkms status ikanionyesha mistari miwili. Nikawasha upya na kerneli mpya, nikaandika nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, na jina la kadi yangu likatokea.

Wiki mbili baadaye yaya (ndivyo tunavyomwita aliyetuzidi umri) mmoja wa Kamalondo, mwenye sekretariati ya kuchapisha na kufotokopia, alinipigia na kioo cheusi kilekile. Nilienda na jibu langu mfukoni, kumbe halikuwa lake. Heda zilikuwapo na moduli ilikuwa imejengwa. Nilibonyeza Ctrl+Alt+F3 nikapata ukurasa wa maandishi, nikaandika sudo modprobe nvidia-current, nayo ikajibu Key was rejected by service. Hiyo ni Secure Boot, kinga ya mashini inayokagua saini za programu tangu inapowaka. Betri ndogo ya ubao wake mama ilikuwa imekufa, mipangilio ikarudi ya kiwandani, na Secure Boot ikawaka. Ikishawaka, kerneli ya Debian haikubali moduli yenye saini isiyoijua.

DKMS ya Debian 12 hutia saini moduli zake kwa ufunguo inaoutengeneza yenyewe. Kinachobaki ni kuitambulisha mashini kwa ufunguo huo: sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, unaweka neno la siri la kutumia mara moja, unawasha upya, na ukurasa wa buluu unatokea. Unachagua Enroll MOK, yaani sajili ufunguo, unaandika lile neno. Yaya aliliandika mara tatu likakataliwa mara tatu, kisha ukurasa ukapita na ikabidi tuanze upya. Kibodi tena! Ukurasa ule nao unasoma QWERTY, herufi hazionekani, na aliweka neno lenye a na m. Mara ya pili nilimwambia achague neno lisilo na a, q, z, w, m wala tarakimu. Likapita. Tukabadilisha na ile betri kabisa.

Kwa DKMS natoa nyota 4 kati ya 5. Nyota moja naizuia kwa ajili ya ukimya wake: heda zikikosekana, onyo linapita katikati ya maandishi mengine, na usasishaji unaisha kama vile kila kitu kiko sawa. Katika mji ambao umeme ndio unaoamua lini mashini iwake upya, onyo la namna hiyo linapaswa kusimama mbele ya macho na kungoja jibu. Mimi sasa sinyanyuki kwenye kiti baada ya apt upgrade kabla ya kuandika dkms status na kuona namba ya kerneli mpya ikiwa na neno installed.

Debian 13 ilitoka Agosti 2025 na kerneli 6.12, na bado sijaipanda. NVIDIA imetangaza kwamba draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa kadi za kizazi cha yangu, kwa hiyo nataka nijipange kwanza: mega za kutosha, betri ya akiba imejaa, na papa wa Katuba, ambaye sasa anataka nimchoree ghorofa, awe ameshapata picha zake.