Fataki na picha za mwanga ufukweni Bagamoyo: ukuta umeishinda anga

Onyesho jipya la usiku ambalo hoteli moja ya ufukweni hapa Bagamoyo imeliandaa kwa msimu huu wa sikukuu lina sehemu mbili zinazokwenda sambamba: fataki, au fashifashi kama wengi wetu tunavyoziita, zinazorushwa kutoka mchangani, na picha za mwanga zinazoangazwa kwa projekta kwenye ukuta mrefu mweupe wa jengo la hoteli. Kiingilio ni shilingi 15,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Kwa maoni yangu ukuta peke yake unastahili fedha hiyo, na fataki zinaonekana kuongezwa kwa hofu kwamba pasipo mlipuko watu wangeondoka wakinung'unika.

Picha ya kwanza ni mlango wa kuchongwa, wa aina ile ambayo bado inaonekana katika nyumba za mji mkongwe. Nakshi zinajichora polepole kuanzia kwenye fremu, kisha misumari ya shaba inawaka mmoja baada ya mwingine, na vipande viwili vya mlango vinapofunguka, dirisha halisi la jengo linatokea katikati ya uwazi huo, taa yake ikiwa imewashwa kwa ndani. Mtoto aliyeketi mbele yetu aliinuka akaenda kuugusa ukuta kabla mama yake hajawahi kumshika mkono. Baada ya hapo inapita misafara ya wapagazi kutoka Ujiji na Tabora, pembe za ndovu mabegani, huku madirisha ya ghorofa ya juu yakigeuka matanga ya majahazi yanayosubiri mzigo wa kwenda Unguja. Aliyeichora kazi hii alilisoma jengo kwanza, akajua kila dirisha liko wapi.

Dosari yake kubwa ni ya kihistoria. Hadithi inapofika Februari 1874, mwili wa David Livingstone unapopokelewa kwenye misheni baada ya kubebwa na watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kutoka kijiji cha chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, nyuma ya umati limechorwa Boma la Wajerumani, jengo lililojengwa mwaka 1897. Mzee mmoja wa safu yetu aliuliza kwa sauti, "Hilo boma limefikaje hapo kabla ya Mjerumani mwenyewe?" na kicheko kikaenea mpaka nyuma. Wageni huenda wasiligundue kosa hilo, lakini wenyeji wanapita mbele ya boma lile kila siku.

Fataki ndizo zilizowagawa watazamaji. Vijana waliotoka Dar es Salaam walinyanyua simu tangu mlipuko wa kwanza na mwishoni walilalamika kwamba zilikuwa chache; watu wazima wengi niliozungumza nao walisema zilikuwa nyingi mno, na mimi niko upande wao. Msimu huu upepo ni wa kaskazi, unaovuma kutoka baharini kuja nchi kavu, na fataki zilirushwa kutoka kwenye mchanga ulioachwa wazi na maji kupwa. Moshi wote, basi, ulikuja juu yetu na ukasimama kati ya projekta na ukuta, mwanga ukaishia humo humo njiani, na kwa dakika kadhaa tukawa tunatazama miale hewani badala ya picha ukutani. Isitoshe, sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo sisi tulioketi mbali na maji lakini karibu na spika tulisikia pigo la muziki kwanza na mlipuko uliokusudiwa kwenda nalo baadaye. Rangi zenyewe sizilaumu: nyekundu na kijani zilikuwa kali, na bluu ilififia, jambo la kusamehewa kwa kuwa misombo ya shaba inayotoa bluu huharibika moto unapozidi.

Nisichoweza kukisamehe ni muziki. Huu ni mji wenye TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambako ngoma, marimba na zeze ni masomo ya darasani. Halafu misafara ya wapagazi inapita ukutani ikisindikizwa na okestra ya kurekodiwa yenye vinanda na tarumbeta zisizojua ziko wapi. Wapiga ngoma wanne mbele ya ukuta ule wangetosha, na bila shaka gharama yao isingefikia ya zile fataki za dakika tano za mwisho.

Baadhi ya waliohudhuria walilipima onyesho kwa yale ya Disney ambayo wameyaona kwenye simu. Kulinganisha bajeti si haki, ila kipo cha kujifunza huko. Happily Ever After, onyesho lililoanza mwaka 2017 katika bustani ya Magic Kingdom huko Florida, liliondolewa 2021 na kurudishwa Aprili 2023 baada ya mashabiki kuendelea kulililia. Na nionavyo mimi, walilililia kwa sababu picha zilizo kwenye kasri, nyimbo na fataki zinasimulia jambo moja kwa pamoja. Hapa kwetu ukuta ulikuwa na hadithi yake, na anga ilikuwa na makelele yake.

Anayekusudia kwenda achague viti vya upande wa kaskazini wa bustani, ambako moshi haufiki sana, na mwenye mtoto mdogo aondoke picha za majahazi zinapokwisha, kwa kuwa milipuko mikubwa inafuata mara moja bila tahadhari yoyote kutoka kwa mshereheshaji. Chakula kinauzwa kwa bei ya hoteli; pweza wa kuchoma anayeuzwa nje ya geti ni mtamu zaidi, na walinzi hawamzuii mtu kuingia naye.