Kwodi za Naivasha kwa macho ya fundi wa pikipiki

Kama unaipeleka familia Naivasha na watoto wameshakuomba kwodi, yaani pikipiki ya magurudumu manne ya kuendesha nje ya barabara, soma hapa kabla hujalipa. Mimi ni fundi wa pikipiki mjini Nakuru, kwa hiyo nikifika mahali kama hapa macho hukimbilia breki na matairi kabla ya kuliangalia ziwa. Nilikwenda na dada yangu, mwanawe wa miaka 9, na binti yangu wa miaka 15. Kituo kiko upande wa barabara ya Moi South Lake, ndani ya shamba la mtu lenye migunga mirefu na vumbi jeupe. Jina lake sitalitaja, kwa sababu msimamizi ameahidi kurekebisha mambo mawili na nataka apate nafasi hiyo.

Nusu saa ni shilingi 2,000 kwa mashine moja. Kwa hali ya zile mashine, bei ni ya haki. Ni za injini ya 250cc, za watu wazima, na zinatunzwa: breki za mbele na nyuma zinashika, cheni zimepakwa mafuta, na kila moja ina ile swichi ya kamba inayofungwa mkononi ili injini izime ukianguka. Lililonifurahisha zaidi ni geji. Matairi ya kwodi hutaka upepo mdogo sana, mengi psi (kipimo cha presha) 4 au 5 hivi, na geji ya kawaida ya karakana haiwezi kusoma kiwango hicho vizuri. Watu huyajaza kama ya bodaboda, kisha mashine inadunda kwenye kila jiwe na usukani unamponyoka mwendeshaji. Kijana wa hapa alikuwa na geji yake ndogo ya presha ya chini, na aliyapima matairi yote mbele yetu.

Maelezo yake nayo yalikuwa mazuri, ya mtu anayejua kazi. Kwenye mashine za aina hii magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye eksili moja isiyo na difu (gia inayoruhusu gurudumu moja kuzunguka haraka kuliko jingine), yanazunguka kwa kasi ile ile, kwa hiyo mashine hupenda kwenda moja kwa moja. Ili ikate kona lazima uhamishe uzito wako: uegemee ndani, uinuke kidogo, usogee mbele ukipanda mlima na nyuma ukishuka. Ndiyo maana kiti cha kwodi ni kirefu. Urefu ule ni wa dereva kusogea, si nafasi ya abiria. Ukimpakia mtu wa pili unamnyang'anya dereva njia yake ya kuisawazisha mashine, na ikipinduka, kilo mia mbili hivi zinaangukia watu wawili.

Aliyasema haya yote vizuri kabisa, kisha akamwambia dada yangu, "Mama, kijana atakaa hapo nyuma yako." Na binti yangu akaelekezwa kwenye 250cc.

Nikainama kwenye bodi ya mashine. Palipokuwa na onyo la kiwandani pamebandikwa stika ya kituo yenye picha ya twiga. Nikamwambia, "Kaka, hebu tuibandue hii tusome pamoja." Chini yake onyo lilikuwa zima: asiendeshe mtu wa chini ya miaka 16, usibebe abiria kamwe.

Yule kijana wa kituo akanyamaza. Msimamizi, mama mmoja mpole, akaja kutusikiliza. Hakubisha. Aliniambia, "Fundi, nikimkatalia mteja mtoto wake, anavuka kwa jirani na anabebwa huko." Nilimwelewa, na hapo ndipo penye shida yenyewe. Mfanyabiashara mwangalifu akiwa peke yake anaadhibiwa kwa uangalifu wake. Sheria inayowafunga wote ingemlinda yeye pamoja na yule mtoto.

Wengine wameshalifanya hili. Marekani, mwaka 1988, serikali iliwabana watengenezaji wakaacha kuuza mashine za magurudumu matatu, zilizokuwa zikipinduka ovyo, na wakakubali kuwa mashine za watu wazima zisiuzwe kwa matumizi ya walio chini ya miaka 16. Australia, tangu Oktoba 2021, kwodi mpya ya matumizi ya jumla haiuzwi bila chuma cha kumkinga dereva nyuma ya kiti, ili mashine ikipinduka isimbane chini. Ireland, tangu Novemba 2023, anayeitumia kazini lazima awe na mafunzo na avae helmeti. Kwetu, Sheria ya Trafiki inamtaka mtu wa bodaboda na abiria wake wavae helmeti, lakini haya mashamba ya burudani yako nje ya barabara. Ila biashara hizi zote zinahitaji kibali cha kaunti. Kaunti ya Nakuru ingeweza kuandika masharti kwenye kibali hicho hicho: umri, mtu mmoja kwa mashine, helmeti ya saizi yake, mwongozaji aliyefunzwa. Karatasi moja tu ingemwondolea yule mama hofu ya jirani yake.

Watoto hawakupanda. Dada yangu alinuna kidogo, kisha akawapeleka kukodi baiskeli kwenye mbuga ya Hell's Gate, na huko walikaa hadi jua likapungua.

Mimi nilipanda. Mwongozaji mmoja mbele, mwingine nyuma, mwendo wa kadiri, na mahali pa kona kali walisimama na kuelekeza tena. Safi. Lakini njia yao inavuka lami kuingia shamba la pili, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Tairi pana lenye upepo mdogo huing'ang'ania lami, ukikata kona kidogo tu mashine inainuka upande, na barabara ile ina malori ya mashamba ya maua na matatu zisizosubiri mtu. Msimamizi alisema shamba la kwanza pekee linatosha kwa nusu saa. Linatosha kweli. Basi wabaki humo.

Helmeti ni safi na mikanda yake inafunga, ila zote ni za saizi kubwa. Dada yangu alipoijaribu yake ilizunguka kichwani hadi ikamziba jicho.

Kwa watu wazima walio tayari kusikiliza maelezo, nendeni, na nendeni asubuhi kabla vumbi halijachacha, mkiwa na viatu vya kufunga na suruali ndefu. Ukienda na mtoto, uliza kama ipo mashine ya umri wake. Wakikujibu kwamba atakaa nyuma yako, rudisha helmeti uondoke. Nawapa nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaiongeza siku nitakapokuta onyo la kiwandani linasomeka kwenye kila mashine na msafara hauvuki lami tena.