Kabla ya kulipa tronsonezi Birere, sukuma kwanza ile ngao

Tronsonezi yangu ya kwanza, yaani msumeno wa injini, niliichagua kwa urefu wa upanga, ile bamba ya chuma ambayo mnyororo wa meno unaizunguka. Ilikuwa okazioni, imeshatumika, dola 260 katika duka moja la Birere mjini Goma, upanga wa sentimita 50 uking'aa kama sambaza wametoka ziwani. Nikajisemea hakuna mkaratusi wa kule shambani Kibumba utakaoishinda.

Siku ya tatu mdogo wangu alikuwa anakata magogo ya kuwapelekea mafundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Ncha ya upanga ikagusa kipande cha tawi kilichojificha ng'ambo ya gogo. Mashine ikaruka juu, ikamrudia. Mnyororo ulipita kwenye kola ya koti lake ukaondoka na kitambaa, shingo ikabaki salama kwa vidole viwili hivi. Tulipoifungua jioni, utepe wa freni haukuwemo. Siyo kwamba ulikuwa umelika: haukuwemo kabisa, na ile ngao ya mbele, iliyo mbele ya mkono wa kushoto ili kuvuta freni, ilikuwa pambo tu.

Kwa hiyo leo nguvu za injini na ukubwa wa tangi nawaachia wauzaji, watawaambia hata msipouliza. Mimi naongelea freni.

Juu ya upanga mnyororo hukimbilia mbele. Robo ya juu ya ncha ikigusa mti, meno yanang'ang'ania badala ya kukata, na upanga mzima unarushwa juu kuelekea uso wa aliyeshika. Shukrani ya punda ni mateke, na hili ni teke ambalo jicho haliwahi. Freni ndiyo inawahi: utepe wa chuma unaobana ngoma ya klachi mara ngao inaposukumwa na mkono, au kwa mshtuko wenyewe.

Dukani fanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, vaa glavu, sukuma ngao mbele mpaka ilie "ta!", kisha jaribu kuvuta mnyororo. Ukisogea, rudisha pesa mfukoni. Halafu irudishe ngao nyuma, shika mpini wa nyuma peke yake, acha ncha ianguke juu ya kisiki kutoka kama nusu mita. Freni nzima itajifunga yenyewe. Mwisho mwambie muuzaji awashe, aongeze gesi, asukume ngao: mnyororo usimame papo hapo. Akianza kusema esansi (petroli) imeisha, muage kwaheri.

Sasa orodha yangu, na sifichi kwamba napenda mashine za kampuni ya Stihl.

Ya kwanza ni MS 250 yenye upanga wa sentimita 40. Injini ya cc 45, uzito kilo 4 na nusu hivi kabla ya upanga na mnyororo. Kwa mikaratusi ya makala (mkaa), ya chevroni za paa na ya chukudu inatosha, na ncha unaiona iko wapi, jambo ambalo kwa upanga mrefu ni kubahatisha. Kama gogo ni nene kuliko upanga, kata upande mmoja, zunguka, umalizie upande wa pili. Usianze kuchomeka kwa ncha kama hujafundishwa na anayejua.

Ya pili, MS 382 na upanga wa 63, ni ya wapasua mbao tu. Ina cc 72 na ni nzito, mtu mwembamba kama mdogo wangu atachoka saa nne asubuhi, na mikono iliyochoka ndiyo inayoinua ncha ovyo. Husqvarna 365 naiweka sambamba nayo. Mashine nzuri, ila mimi vipuri vyake huwa navitafuta siku mbili.

MS 180 na upanga wa 35 ni ya matawi na kuni za nyumbani. Usidanganywe na udogo wake, upanga mfupi nao unapiga teke, tena kwa haraka. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mpini wa mbele, kiwiko usikikunje, na usisimame nyuma ya mnyororo moja kwa moja.

Za bei ya chini, zile za cc 52 au 58 zinazokuja na upanga mrefu: fanya majaribio yale matatu, na ukinunua, tafuta upanga mfupi zaidi unaoingia.

Kuna na wanaonoa. Wanapiga tupa vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino ili mnyororo "ule" vizuri. Unakula, kweli, na teke linaongezeka. Wanakutoza kwa kazi hiyo.

Nilirudi dukani na ile mashine. Patro, mwenye duka, akaniambia, "Mama, freni inachelewesha kazi, wateja wenyewe wanaomba tuitoe." Huyo huyo, siku naenda kulipa, alikuwa ameipeleka noti yangu ya dola 20 kwenye mwanga, akaigeuza mara tatu, akanirudishia kwa sababu ya mchaniko usiozidi punje ya mchele.