Tasbihi ya tulasi ya punje 108: je, inamfaa asiye na guru?

Tasbihi hii ya Kihindu, ya punje za mti wa tulasi, inamfaa hata asiye na guru, yaani mwalimu wa kiroho, mradi ajue anataja nini. Majina ya Mungu kama Rama na Krishna yako wazi kwa kila mtu. Gandhi alifundishwa kulitaja jina la Rama na yaya wake, Rambha, utotoni alipokuwa akiogopa mizimu. Ukubwani aliandika kwamba kiti cha guru moyoni mwake kilibaki wazi.

Katika maduka ya Kihindi ya Kampala, chagua punje za milimita 8. Zilizo ndogo zaidi huponyoka na hesabu ikapotea. Kila punje itengwe na mwenzake kwa fundo. Zilizotungwa kwa mpira ziache, maana hunyumbuka na vidole huruka punje. Paka maji kidogo kwenye kitambaa cheupe, kisha sugua: kikishika rangi, huo ni mti mwingine uliopakwa. Tulasi yenyewe, ya jamii ya mrehani, ni mti mwepesi.

Ining'inize kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, uvute kwa gumba, punje moja kwa kila kutaja. Kidole cha shahada hakigusi. Anzia kando ya meru, ile punje kubwa ya 109 yenye kishada. Ukiirudia usiivuke, geuza tasbihi urudi ulikotoka.

Upungufu wake ni kwamba haisahihishi matamshi wala haikuonyeshi kiburi kinachoota ndani yako. Mantra (maneno matakatifu ya kurudiwa) za diksha, yaani za kuingizwa rasmi katika njia ya kiroho, hupokewa kwa guru, na kuziokota mitandaoni ni kuharibu utaratibu wake. Mundaka Upanishad, andiko takatifu la Kihindu, inataka mwalimu mwenye sifa mbili, ajuaye maandiko na aliyekita katika Brahman, Ukweli mkuu wa yote. Bhagavad Gita 4:34, andiko jingine la Kihindu, inasema ujifunze kwa kunyenyekea, kuuliza na kutumikia, kwa hiyo anayekataza maswali mkimbie, hata awe na wafuasi wengi kiasi gani. Ramana Maharshi, mtakatifu wa Kihindu wa India, aliamka kiroho mwaka 1896, akiwa na miaka 16, bila guru wa kibinadamu, lakini watu wa namna hiyo ni wachache mno. Wengine, anzeni na jina huku mkimtafuta mwalimu bila pupa.

Jasho hulegeza uzi wa pamba, hasa karibu na meru. Ukianza kuchanika, tungisha upya mapema.