Kipimo ni Gitaa la Ridhimu: Albamu za Dansi za Kununua na za Kuacha

Dansi la zamani linauzwa kila mahali siku hizi: kwenye santuri zilizochapwa upya, CD za Ulaya, huduma za kusikiliza kwa simu, na fleshi zinazojazwa mamia ya nyimbo kwa bei ya chee. Kila muuzaji ataapa kwamba sauti yake ni safi. Usibishane naye. Mwombe akupigie wimbo mmoja, kisha mwache mwimbaji na gitaa la solo waende zao. Wewe shika gitaa la ridhimu tangu linapoingia, ulifuate hadi chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo magitaa yanapopamba moto. Likikupotea njiani, ama nakala ni mbovu, ama waliorekodi hawakulitendea haki.

Kipimo ni hilo kwa sababu dansi limejengwa juu yake. Besi ya dansi haijazi kila pigo. Hupiga, hunyamaza, hurudi. Mianya inayoachwa na besi huzibwa na ridhimu, na solo hupata pa kukanyaga. Bendi yenye gitaa la pili la solo huongeza ngazi nyingine katikati, ikijibizana na la kwanza. Chemko linapokaribia, ridhimu hubadili mchapo, yaani namna ya kuchapa nyuzi, kabla ya wengine, na wachezaji walio uwanjani hubadili miguu kwa ishara hiyo. Shida ni kwamba ridhimu na sauti ya mwanadamu zinakaa karibu kwenye masafa yaleyale ya kati. Rekodi ikisongamana, ridhimu ndiyo ya kwanza kuzama.

Anza na Les Wanyika, na kwa hao anza na "Sina Makosa". Bendi hii ilijitenga na Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978, ikiwa na vyombo vichache: John Ngereza kwenye solo, Omar Shabani kwenye ridhimu, Tom Malanga kwenye besi, Rashid Juma kwenye dramu, na Issa Juma akiimba. Hakuna msululu wa tarumbeta wala saksafoni wa kufunika kitu. Malanga anapiga noti chache mno, tena anaziachia nafasi ya kupumua, na Shabani anakaa ndani ya nafasi hizo bila kukimbia. Mtu anayejifunza gitaa na asikilize mkono wa kulia wa Shabani: nyuzi zinagongwa fupi na kuzimwa mara moja kwa kiganja, hazivutwi zikalia. Ukiziacha zilie, wimbo wote unakuwa mzito. Kosa hilo ndilo linaloziangusha bendi nyingi za hoteli zinapoupiga wimbo huu leo.

Lakini angalia urefu kabla ya kulipa. Nyimbo za enzi hiyo zilitoka kwenye santuri za inchi 7, mzunguko wa 45, na upande mmoja hubeba dakika kama tano tu. Wimbo ukakatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko. Nakala nyingi za mtandaoni zimechukua upande wa kwanza zikaishia hapo. Ukiona wimbo mkubwa wa dansi una dakika nne na kitu, halafu sauti inafifia magitaa yakiwa bado yanapanda, ujue umeuziwa nusu. Nyingine zimeunganisha pande mbili kivivu: wimbo unafifia, kimya, kisha unaibuka tena. Hiyo inavumilika, maana hakuna noti iliyopotea. Inayofaa zaidi ni ile iliyotolewa kwenye kanda ya studio kabla ya kukatwa, na utaijua kwa sababu haina mfifio wowote katikati. Kipimo hikihiki kitumie kwa nyimbo za Nairobi za wakati huo zote, za Super Mazembe na za Samba Mapangala zikiwemo.

Albamu inayofaulu kipimo kwa alama za juu kabisa ni Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila, iliyotolewa na Real World mwaka 1989 baada ya bendi kurekodi kwenye studio ya lebo hiyo kule Uingereza. Kila gitaa lina kiti chake. Vaa hedifoni, sikiliza dakika moja kwa sikio la kushoto pekee, kisha dakika moja kwa la kulia. Utaona magitaa yamegawanywa, na ukirudisha masikio yote mawili utaweza kuyafuata moja moja bila kukaza akili. Kwa mwalimu wa gitaa hakuna kitabu kizuri kuliko hiki. "Kipenda Roho" ndio wimbo wa kufundishia, kwa kuwa mwendo wake ni wa pole na mchapo wa ridhimu unajirudia muda mrefu wa kutosha mtu aushike. "Sauti ya Mnyonge" uache kwa baadaye, vidole vikishazoea.

Na maneno yake yanasikika, silabi kwa silabi. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na Kiswahili chake kina lafudhi ya huko alikotoka pamoja na ukali wa mtu aliyeishi uswahilini. Kwenye kaseti za mitaani lafudhi hiyo humezwa na mvumo. Hapa haimezwi.

Kasoro ipo, na ni ya kweli: usafi huu umegharimu joto. Ukumbini chemko la Matimila lilikwenda hadi jasho liwatoke watu. Humu linakatwa mapema, na dramu zimekaushwa kiasi kwamba tumba zinasikika kama zimepigwa chumba cha jirani. Hata hivyo inunue, tena iwe ya kwanza. Albamu iliyofuata, Mambo ya mwaka 1992, ngoja kidogo. Ina nyimbo za Kiingereza kama "One World" na "No Money, No Life", na Remmy akiacha Kiswahili anapoteza nusu ya silaha zake, kwa sababu nguvu yake ni mafumbo na maneno ya vijiweni. "Mrema" na "Kidogo Kidogo" zinaiokoa. Anayetafuta "Mambo kwa Soksi", ule wimbo wa kondomu uliozua mabishano, asome kwanza orodha ya nyimbo kabla ya kulipa.

Sikinde ya Mlimani Park, CD iliyotolewa Marekani na Africassette mwaka 1994, ni mzigo wa aina nyingine. Hizi ni rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ilirekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, si chombo kimoja leo na kingine kesho, kwa hiyo mizani iliyowekwa siku hiyo ndiyo iliyobaki milele. Fundi wa leo hawezi kwa urahisi kupandisha ridhimu peke yake. Tarumbeta na saksafoni zikiingia, ridhimu inazama. Zikitoka, inaibuka. Kwa kipimo chetu hiyo ni nusu ya alama.

Ila nani atakuwa na moyo wa kuiacha? Hapa kuna Michael Enoch, aliyepanga muziki wa bendi hii kwa sikio la mtu anayejua gitaa na vyombo vya kupuliza vilevile, na kuna waimbaji ambao hawakuwahi kukusanyika tena kwa wingi huo: Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Bitchuka, Cosmas Chidumule. Sikiliza "Neema" uone wapulizaji wanavyojibu mstari wa mwimbaji bila kumkanyaga. Wanangoja amalize neno, wanasema lao kwa ufupi, wanampisha. Mpangilio wa namna hii hautokei kwa bahati, ni mazoezi ya kila siku. Ukitaka kuifukua ridhimu kidogo, shusha kwenye ekwalaiza masafa ya hezi 200 hadi 300 kwa desibeli mbili au tatu, kisha pandisha yale ya 2,000 hadi 3,000 kwa desibeli mbili. Usizidishe. Ukizidisha, herufi S za waimbaji zitaanza kukuchoma masikio, na mvumo wa kanda utapanda pamoja nao.

Kwa anayetaka picha pana, mfululizo wa Zanzibara wa Buda Musique ya Ufaransa una namba kadhaa za dansi, zikiwemo mbili hizi: ya 3, Ujamaa, ya miaka ya 1960, na ya 5, Hot in Dar, ya 1978 hadi 1983. Ya 5 ndiyo yenye uzito. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na Nairobi ndiko zilikochapwa. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, hadi ulipofunguliwa 1983, njia ya kwenda kiwandani ikawa ya tabu, na sehemu kubwa ya muziki wa miaka hiyo ikabaki kwenye kanda za redio. Hivyo CD hii inakupa kipindi ambacho makusanyo ya santuri yana pengo. Sauti imesafishwa kwa mkono mwepesi: mvumo umebaki kidogo na upatu wa dramu haukuuawa, jambo ambalo wasafishaji wengi hawaliwezi. Kijitabu chake kina maelezo mazuri ya Werner Graebner, lakini ni kwa Kifaransa na Kiingereza. Muziki wa Waswahili, ulioimbwa kwa Kiswahili, na mwenye lugha hana ukurasa wake. Hilo linauma, na namba zijazo za mfululizo huu zingeweza kulirekebisha kwa kurasa nne tu. Namba 3 ni nzuri kwa anayetaka kujua magitaa yalianzia wapi, ila usiitegemee kwa mafunzo ya ridhimu, kwani besi nyingi za miaka ya 1960 zimerekodiwa kwa mbali mno.

Mbaraka Mwinshehe yupo kwenye mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa baada ya kifo chake cha ajali mwaka 1979. Mnunue kwa ajili ya solo. Kwenye rekodi zake gitaa lake limewekwa mbele ya kila kitu, na ridhimu inalifuata kwa nyuma kama mpambe. Kwa "Shida", angalia tena urefu, maana huo nao umekatwakatwa sana mitandaoni.

Sasa kaseti. Bado zipo masanduku kwa masanduku, na baadhi zina nyimbo ambazo hazijatoka kwingine kokote, kwa hiyo usizidharau. Kaseti ya kibandani kwa kawaida ni nakala ya nakala, tena iliyotolewa kwa mashine ya mwendo mara mbili, na kila kizazi hula masafa ya juu. Kabla ya kuicheza, safisha vichwa vya deki kwa pamba na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Gurudumu la mpira usilipake alkoholi, litakauka na kupasuka. Lioshe kwa maji na sabuni kidogo. Zima Dolby, kile kipunguza mvumo cha deki, kwa sababu kaseti hizi hazikurekodiwa nayo, na ukiiwasha utapata sauti kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Kama bado sauti ni butu, tatizo ni mwinamo wa kichwa. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Weka amplifaya kwenye mono, cheza sehemu yenye upatu au kayamba, zungusha skrubu polepole, si zaidi ya robo mzunguko, hadi kayamba liwe kali kabisa. Fanya hivyo kwa kila kaseti, kwa kuwa kila kibanda kilikuwa na deki yake iliyopinda kivyake. Za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60, basi usizirudisherudishe nyuma kwa kasi; na za 120 cheza mara moja tu, ukiwa unahamishia kwenye kompyuta.

Halafu kuna mwendo. Kaseti nyingi zinakimbia, na kasi ikizidi kwa asilimia sita hivi, sauti inapanda nusu toni. Bitchuka anaanza kuimba kama kijana aliyebanwa koo, na mpiga gitaa anayefuatisha nyumbani anashangaa gitaa lake halikubaliani na wimbo. Tafuta nakala ya kuaminika ya wimbo huohuo uliorekodiwa siku hiyohiyo, pima sekunde kutoka mpigo wa kwanza wa gitaa hadi wa mwisho. Tuseme nakala nzuri ina sekunde 360 na kaseti ina 342. Gawanya 342 kwa 360, unapata 0.95. Ingiza namba hiyo kwenye programu ya Audacity, sehemu ya kubadilisha mwendo na sauti kwa pamoja. Usitumie ile inayobadilisha mwendo peke yake, kwani hiyo hukatakata sauti na kuunga upya, na ridhimu ndiyo inayochanika kwanza.

La mwisho kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua: soma jina la bendi mara mbili. Simba Wanyika, Les Wanyika na Super Wanyika ya Issa Juma ni bendi tatu tofauti, na kwenye huduma za simu nyimbo zao zimechanganywa ovyo, mara nyingine kwa picha ya bendi nyingine kabisa. Ukiwa na shaka, rudi kwenye ridhimu. Shabani ukishamsikia vizuri mara moja, jina lolote watakalombandika halitakudanganya.